Nyumba Niliyoipaka Masizi

Jumamosi, jioni. Joto la leo limekataa kupungua hata baada ya jua kuinama. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, yanalitazama bonde tu, hayashuki. Mikono yangu ni myeusi hadi viwikoni na nimeinawa mpaka nimechoka kuinawa. Kucha ndiyo usiseme.

Lakini nina furaha. Niandike hilo kwanza, kwa sababu mimi nikishika kalamu huwa naanza na malalamiko, najijua.

Nimeipaka nyumba yangu rangi nyeusi.

Si udongo mwekundu kama nyumba zote za hapa Ifakara, wala si ule weupe niliojisifia humu shajarani baada ya mavuno. Nyeusi. Ukuta wote wa ndani, toka sakafuni hadi penye fito za paa. Ukiingia ukitoka juani inabidi usimame kwanza, macho yakutafutie njia.

Mwaka huu tulipojenga, mimi ndiye niliyeng'ang'ania nyeupe. Nimelelewa misheni. Kule kanisa jeupe, chumba cha wagonjwa cheupe, shuka nyeupe, na masista wenyewe weupe. Nilijifunza kusoma na kushona kule, na pamoja na hayo nikajifunza, bila mtu kunifundisha, kwamba kitu kizuri ni lazima kiwe cheupe. Basi nikaufuata udongo mweupe hadi chini ya milima, upande wa Mang'ula, nikalala njiani kwa watu nisiowajua, nikarudi na mzigo kichwani shingo imeingia mabegani. Nikapaka ndani na nje. Mume wangu Kasiani akazunguka nyumba, akasema imekuwa kama yai. Nadhani alikuwa anasifu.

Kisha mama mkwe akaja kuitazama.

Mama yake Kasiani haishi na sisi. Tangu vita vya maji haishi ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Alikuwa na nyumba yake kule Idete, askari wa Wadachi wakaja wakaichoma mchana kweupe, naye amejificha kwenye matete anaiangalia. Baba mkwe alikuwa amekwenda kupigana na hakurudi. Toka siku hiyo mama anakaa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga shambani kuamia ndege na nguruwe mpunga unapoiva. Watu wengine hukaa dunguni msimu mmoja, wakishavuna wanarudi nyumbani. Yeye harudi. Ukimwambia, anakujibu kwamba kule juu anamwona mtu akiwa bado mbali, na akitaka kushuka anashukia upande anaoutaka.

Sasa masika iliyopita maji yalijaa mpaka chini ya dungu, kichomi kikamshika. Kasiani alimfuata kwa mtumbwi, akamkuta hana nguvu hata ya kukataa. Tukamuuguza kwenye baraza ya nyumba yetu ya zamani, maana ndani alikataa hata akiwa na homa ile, na alipoweza kusimama akajiondokea zake. Kikohozi hakijamwacha mpaka leo. Amekonda, mifupa ya bega inaonekana. Masika nyingine kule shambani haimalizi. Tunajua sote, na yeye anajua kuliko sisi.

Kasiani alipochukuliwa na akida kwenda kutengeneza barabara ya Mahenge, hakuniambia mengi. Alifunga mkeka wake, akasema, "Apolonia, mvua isimkute mama kule." Akaenda. Namna ya kufanya hakunifundisha, na mimi sikumuuliza, nikidhani nyumba nzuri inatosha kumwita mtu.

Basi siku hiyo aliyokuja kuitazama alisimama mlangoni. Kizingiti hakukivuka. Aliweka kiganja juu ya macho.

"Nyeupe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana toka ng'ambo ya mto."

Mimi mjinga nikapiga magoti, nikashukuru. Akanitazama kwa huruma, akaniambia taratibu, "Mkwe, ule mwaka wa moto walianza na zile zinazoonekana."

Akaokota fimbo yake akarudi shambani.

Nilikasirika. Nilikasirika sana, na sitaki kujifanya hapa kwamba niliona haya siku ileile. Nilijiambia bibi huyu hana shukrani, nimebeba udongo kutoka milimani shingo ikitaka kukatika, naye anauona na kunisimulia vita. Siku hiyo nilitwanga mpunga kwa hasira mpaka nusu ya mchele ikawa chenga.

Lakini chakula chake lazima kipelekwe, hasira au si hasira. Nikampelekea wali na perege, nikakaa chini ya dungu nikisubiri chungu. Sijui ni nini kilimfungua mdomo siku hiyo, labda perege alikuwa mnono. Akaanza kunieleza nyumba yake ya Idete. Kuta zake, alisema, zilikuwa nyeusi ti, zinang'aa. Aliikuta imeanza kuwa nyeusi kwa moshi wa mama mkwe wake yeye, naye akaongeza wa kwake. Watoto wake wote aliwazalia mle. Mchana wa jua kali ukiingia unasahau kwamba nje kuna watu. "Wewe unawaona walio nje," alisema, "wao hawakuoni." Halafu akasema jambo ambalo nimeliwaza hadi leo, kwamba nyumba mpya haina kitu ndani, ni udongo tu umesimama.

Nikarudi na chungu kitupu nikiwaza. Nyumba huwa nyeusi kwa kupikiwa ndani miaka na miaka. Mimi miaka sina. Mbele yangu kuna mawingu yale pale milimani.

Nikaamua huo weusi nitautengeneza kwa mikono.

Sasa cheka nawe, shajara. Nikaanza na udongo mweusi wa mbugani. Upo bure, uko kila mahali, ni mweusi kuliko kitu chochote ukiwa umelowa. Nikaukanda, nikaupaka ukuta mzima kwa mikono miwili, nikalala nimejipongeza. Ulipokauka ukawa wa kijivu, ukapasuka wote kama kisigino changu, na mapande yakaanza kudondoka moja moja kwenye kitanda. Mimi nimelima mbuga tangu sijaota meno ya pili. Kila kiangazi naruka nyufa za mbuga nisivunjike mguu. Nikasahau kwamba udongo wa mbugani hupasuka! Nilikaa chini nikalia kidogo, kisha nikabandua ukuta wote.

Mara ya pili nikatumia akili. Kwa chini nikapiga udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga, huo haupasuki, na nje nikafunikia huohuo ule weupe wote. Weusi wenyewe nikaufanya wa juu tu: mkaa uliosagwa jiweni mpaka ukawa unga, masizi ya vyungu, na utomvu wa mgomba wa kushikisha. Nani asiyejua utomvu wa mgomba. Ukidondokea nguo, nguo hiyo ni ya shambani maisha yake yote.

Shida ikawa masizi. Chungu changu ni kipya, nyumba mpya, kila kitu kipya, masizi yake hayajazi hata kijiko. Na huwezi kwenda kwa mwanamke mwenzako ukamwomba masizi ya chungu chake. Chumvi utaomba, moto utaomba, lakini masizi? Atakuuliza unataka kuyafanyia dawa gani, na kwa mambo ambayo dawa ya maji ilituletea huku bondeni, neno dawa hakuna anayetaka kulisikia. Basi nikabuni. Nikawa nakwenda mtoni wanawake wanapoosha vyombo, nawaambia, leteni vyungu vyenu niwasugulie. Nilikuwa nakwangua kwa kigae, masizi yanaanguka kwenye kipande cha ungo nilichokificha chini ya nguo, kisha namalizia kwa mchanga mpaka chungu kinang'aa. Jirani yangu Mama Fidea, ambaye hana dogo, akawatangazia wenzake kwamba Apolonia amepewa kitubio na padri. Wakacheka sana. Nikawaacha wacheke, vyungu vinaendelea kuja.

Sikumwambia mtu nafanya nini. Niliona aibu. Nani anapaka nyumba yake nyeusi kwa makusudi, wakati watu tunafagia utando wa masizi kila wiki tukilalamika?

Na hapa niungame jambo. Nilianza kwa ajili ya mama mkwe, lakini katikati nikawa nafanya kwa ajili yangu. Nimeupenda weusi. Sikujua kama mweusi ni rangi nyingi. Mkaa wa mpingo unatoa weusi wa ubaridi, wa kama usiku wa mvua. Masizi ya chungu yana ukahawia ndani yake. Ukitia udongo mwekundu kidogo tu, unapata rangi ya zambarau iliyoiva, na hiyo nimeizungushia mlango wa ndani, bila sababu, kwa sababu napenda. Ungo nilioutundika ukutani, ambao ulipokuwa kwenye ukuta mweupe hata hukuuona, sasa unaonekana kila ukindu wake. Msalaba wangu wa mti mweupe nao. Nilidhani chumba kitakuwa kidogo, kumbe pembe zimepotea na kimekuwa kikubwa. Nzi nao hawapendi kuingia. Kuna ubaridi mle mchana, Mungu anajua, unaweza kulala saa sita.

Nilijiuliza mwalimu wa dini atasema nini, maana kila Jumapili anatuambia giza ni la shetani. Nimemwandalia jibu. Hata tumboni kwa mama ni giza, na humo ndimo Mungu anapotufinyanga.

Leo ilikuwa siku ya kumalizia, yaani kupaka mafuta ya nyonyo na kusugua kwa jiwe laini la mto, kama wafinyanzi wanavyosugua chungu. Asubuhi nikatoa kila kitu nje: kitanda, mikeka, kinu, vyungu, sanduku la Kasiani. Nikazima moto wa jikoni nikafagia majivu. Nikavua ushanga nisiuchafue, nikavaa kaniki yangu kuukuu. Nikasugua mpaka jua likapanda. Vumbi la mkaa lilikuwa limenijaa machoni, macho yakawa mekundu, machozi yanateremka na kuchora mistari usoni. Mgongo ulipokataa nikatoka nikakaa kizingitini, mikono kichwani, nipumue.

Mwenye akili ameshaona ninapokwenda. Mimi sikuona.

Mama Fidea akapita na mzigo wa kuni. Akaona kitanda nje. Akaona moto umezimwa. Akaniona mimi nimekaa chini, shingo tupu, kaniki, masizi toka utosini, macho mekundu, mikono kichwani. Na mume wangu yuko kwenye barabara ya Wadachi ambako watu huenda na wengine hawarudi.

Kwetu mfiwa haulizwi. Hakuna mtu anayefika mlangoni mwa msiba akasema, samahani, nani amekufa? Huo ni ukatili. Unalia kwanza, ya kuuliza yatakuja yenyewe. Basi Mama Fidea akaangusha kuni, akashika kichwa, akapiga ukelele uliofika mtoni. Akaja mbio akajitupa miguuni kwangu akilia, "Mdogo wangu, utabaki na nani, mdogo wangu?"

Nilijua mumewe anapeleka mihogo kule kwa watu wa barabara. Nikajua habari imemfikia yeye kwanza. Kasiani amekufa, na mimi nilikuwa napaka ukuta.

Nikalia. Sijawahi kulia vile, hata wakati wa vita. Kilio changu ndicho kilichowathibitishia wengine. Wanawake wakatoka kila upande wakakimbilia kwangu, huyu na kibaba cha mchele, huyu na kuku, huyu na maji, na kila aliyefika alilia, na mimi kila nikiona mwingine analia nilizidi kuamini. Ndivyo tulivyokuwa: wao wananilia mimi, mimi nalia kwa kuwaona wao.

Vilio husafiri kwenye bonde. Mama mkwe akasikia akiwa shambani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yule mwanamke ambaye kwa kikohozi chake hutoka shamba hadi hapa akipumzika kila penye kivuli, leo alikuja anakimbia. Fimbo hakuwa nayo. Nguo ilikuwa imemlegea. Watu wakampisha, naye hakutazama yeyote, hata mimi. Akapita mlangoni akaingia ndani.

Ndani giza, hakuona kitu. Nikamsikia anapiga magoti. Nikamsikia anapapasa sakafu kwa viganja, upande huu, upande ule, anaita polepole, "Kasi. Kasi, mwanangu."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nikaingia nikapiga magoti karibu yake.

"Mmemlaza wapi?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Aliyeleta habari ni Mama Fidea."

Mama Fidea alikuwa mlangoni, pua imevimba kwa kulia. "Habari gani?" akasema. "Mimi nimeleta habari gani? Mimi nimeona wewe umetoa vitu nje."

Kilio kikakatika. Wa nyuma waliendelea kidogo, nao wakanyamaza. Kuku aliyeletwa kwa ajili ya msiba ndiye aliyebaki anapiga kelele.

"Kwani nani kafa?" sauti moja ikauliza kutoka uani.

Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu nisizodhani anazo. "Hajafa mtu?"

"Hajafa mtu, mama. Mimi nilikuwa napaka rangi."

Akaketi sakafuni. Alikaa muda, mkono kifuani, anavuta pumzi. Nilijua nitapigwa, na ningepigwa bila kujitetea. Kisha akasema, "Mkwe, mvua haina kazi tena. Utaniua wewe."

Akaanza kucheka. Kwanza nilidhani ni kikohozi. Alicheka, akakohoa, akacheka tena mpaka akashika ukuta kwa nyuma asianguke. Nje wakasikia, wakaambukizwa. Aliyekasirika ni Mama Fidea peke yake. Alisema amelia mpaka sauti imekatika, tena amelia kwa moyo, kwa sababu ya mtu aliyejipaka masizi kwa mapenzi yake. Akaniuliza mbele ya wote kama ndiyo yale masizi ya chungu chake. Nikasema ndiyo, dada. Akasema, "Basi na msiba ni wangu," akakaa chini naye akacheka.

Watu wakaanza kuaga. Lakini mwanamke mmoja mtu mzima akauliza vipi kuhusu mchele, maana chakula kilichopelekwa msibani hakirudishwi nyumbani, utakirudisha pamoja na kifo. Hilo kila mtu aliliafiki haraka, hasa walipomwangalia yule kuku. Ikabidi kupikwe na kuliwe hapahapa. Msiba usio na maiti, wali upo.

Wakati huo wote mama mkwe alikuwa bado amekaa ndani.

Niliona mimi. Nikaona na wenzangu wameona, kwa sababu kelele zilipungua na watu wakaanza kuongea kwa sauti ya kawaida isiyo ya kawaida. Hapa hakuna asiyejua habari ya dungu. Mama Fidea akafungua mdomo aseme, nikamfinya mkono. Akaufunga. Namshukuru kwa hilo, maana kwake si kazi ndogo.

Macho ya mama mkwe yalikuwa yameshazoea giza. Nikamwona anageuka kutazama ukuta alioushika. Akaugusa kwa vidole, akanusa kiganja.

"Umetia nini humu?"

Nikamtajia.

"Na mafuta gani?"

"Ya nyonyo, mama."

"Umesugua lini?"

"Leo."

"Umechelewa. Huu unasuguliwa udongo ukiwa na ubaridi bado. Tazama hapa, umekwaruza. Hapa afadhali. Hapa napo ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Akainuka. Akafuata ukuta wote kwa kiganja, hatua kwa hatua, akinitolea makosa, na mimi nyuma yake nasema ndiyo mama, ndiyo mama. Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile. Angeniambia nimekosea kuzaliwa ningesema ndiyo mama. Alipofika penye mlango wa ndani, kwenye ile rangi ya zambarau, akasimama. "Hii ni nini?" Nikasema ni urembo. Akaguna. Lakini hakupitisha kiganja pale, alipitisha kidole kimoja.

Kisha akatoa kichwa nje akawaambia wanawake walioanza kupanga mafiga uani, "Kwa nini mnapika nje, kwani nyumba hii haina wenyewe? Leteni moto ndani."

Tukapika ndani. Moshi ulitujaa, tukalia tena, safari hii kwa sababu ya kuni mbichi za Mama Fidea. Tukala kwa pamoja, wanawake wote, tumekaa sakafuni tumeegemea ukuta, na waliovaa nguo nzuri wameondoka na mgongo mweusi. Hilo nitalisikia kesho kanisani.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Tumemlilia mtu aliye hai. Mama mkwe anasema anayezushiwa kifo huishi maisha marefu, na Kasiani atatuzika sote. Namwamini kwa sababu nataka kumwamini. Mumewe Mama Fidea amerudi alasiri na kikapu kitupu, akasema amemwona jana tu, mzima, anachimba na kulalamika chakula. Hiyo ya kulalamika ndiyo iliyonituliza. Huyo ni Kasiani kabisa. Akirudi atalitafuta yai lake, hataliona.

Wanawake wameondoka jua likiwa linaelekea milimani. Mama mkwe naye akatoka. Alisimama uani, akatazama njia ya shambani kwa muda. Mimi nilikuwa nafuta chungu ambacho kilikuwa kimeshakauka. Sikumwita. Nilitaka kumwita, nilitaka kumshika nguo nimwombe, nimwambie Kasiani alivyosema, nimwonyeshe yale mawingu. Sikufanya lolote. Akaenda.

Nikajiambia, Apolonia, umepata mchana mmoja, shukuru. Mbona ndani ameingia, mbona amekula. Nikajiambia hivyo huku nimekaa pale pale, na nimelia, na safari hii nililia peke yangu bila mashahidi.

Jua lilipokuwa linagusa milima akarudi kwa njia ileile, taratibu, akipumzika kama kawaida yake. Kichwani ana mkeka wake umekunjwa na chungu juu yake. Nikapiga magoti kumpokea. Akanipa chungu, mkeka akaingia nao mwenyewe. Akautandika pembeni kule ndani kabisa, kwenye pembe iliyo nyeusi kuliko zote, mahali ambapo mimi mwenyewe nikipita huwa nanyoosha mkono.

Sasa hivi naandika nimekaa kizingitini, miguu nje, karatasi nimeilaza magotini kwenye mwanga kidogo uliobaki. Ndani huwezi kuona herufi. Moto tumeufunika majivu. Namsikia anakohoa, anajigeuza, anatafuta mahali pa kuweka ubavu kwenye sakafu asiyoizoea. Nimeandika polepole makusudi, ili niendelee kukaa hapa nimsikilize, kwa sababu bado siamini, na nadhani nikisimama atasimama naye.

Ameniita.

"Mkwe."

"Abee, mama."

"Unafanya nini hapo? Funga mlango. Mbu wanaingia."

Nikifunga mlango sitaona kuandika hata neno moja.

Naufunga.